Makaa Juu ya Kifuniko

Fungua ukurasa wowote wa mapishi ya boeuf bourguignon, ule mchuzi wa Kifaransa wa nyama ya ng'ombe na mvinyo mwekundu, utakuta unaanza na orodha. Nyama kilo moja na nusu hivi. Mvinyo karibu chupa nzima. Bekoni. Karoti, vitunguu maji, kitunguu saumu, majani ya kunukia, kijiko cha nyanya ya kopo, unga wa ngano kidogo, uyoga, siagi, na vitunguu vidogo kama ishirini. Baada ya orodha yanakuja maelekezo: kausha nyama, ikaange, mwagia mvinyo. Halafu unafika mstari mmoja mfupi: funika, weka kwenye oveni kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Mstari huo ndio ninaotaka tuusome pamoja. Ndio wenye gharama kubwa kuliko yote kwenye ukurasa, na ndio ulioandikwa kwa haraka kuliko yote.

Ukiwa Mpale huwezi kuusoma kwa haraka. Mpale ni kata ya Korogwe Vijijini, juu kwenye safu za Usambara. Chini yake ni Korogwe mjini, mji wa stendi na mkonge kando ya Mto Pangani, na ng'ambo ya mto, kusini, zinaanza nyika za Handeni ambako ng'ombe wengi wanatoka. Nyama inapanda mlima. Mvinyo, kama unautaka, unaufuata mjini na kurudi nao kwenye bodaboda. Kuni zinabebwa kichwani. Kwa mtu wa hapa, "saa tatu" ni mzigo wenye uzito unaojulikana, na kuna mtu anayejulikana atakayeubeba.

Nimeupika mchuzi huu mara mbili katika jiko la mafiga Mpale, nikiwa na maelekezo mkononi. Lakini hii si habari ya mpishi. Ninataka kuyahakiki maelekezo yenyewe kama tunavyohakiki shairi au riwaya: nani anaongea, anaongea na nani, na kitu gani amekiacha nje akidhani kila mtu anacho.

Maelekezo yanayojulikana zaidi ya mchuzi huu yamo katika Mastering the Art of French Cooking, kitabu cha Julia Child, Simone Beck na Louisette Bertholle kilichotoka New York Oktoba 1961. Februari 1963 Child akaupika mchuzi huohuo katika kipindi cha kwanza cha The French Chef, kwenye televisheni ya WGBH ya Boston. Kwa maelfu ya Wamarekani, upishi wa Kifaransa ulianza na sufuria hii.

Ni maandishi mazuri, na yafaa kusema hivyo kabla ya lawama. Vitabu vingi vya mapishi hutoa amri; hiki hutoa sababu. Kinakuambia kausha nyama kwa sababu nyama yenye maji haipati rangi. Kinakuambia usijaze kikaango kwa sababu vipande vikibanana vinatoa mvuke na kuchemka badala ya kukaangika. Mwandishi anamheshimu msomaji kiasi cha kumweleza kwa nini, na heshima hiyo ni adimu katika maandishi ya jikoni ya lugha yoyote.

Lakini msomaji huyo ni nani? Utangulizi wa kitabu unamtaja tangu mwanzo: ni mpishi wa Kimarekani asiye na mtumishi, ambaye siku mojamoja anaweza kuacha kuhesabu bajeti na ratiba. Waandishi walikuwa wakweli. Walijua mchuzi wao unakula pesa na muda, wakamchagua msomaji aliye navyo vyote viwili walau Jumamosi moja. Tatizo limekuja baadaye. Maelekezo yamenakiliwa, yamefupishwa, yametafsiriwa, yamewekwa kwenye simu zetu, na ule utangulizi umebaki nyuma. Sasa yanazungumza kana kwamba yanamhusu kila mwenye sufuria.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9 ya mwaka huohuo wa 1961. Kabla ya hapo, upishi wa Kizungu katika Afrika Mashariki ulikuwa na utaratibu wake: mwenye kusoma hakuwa mwenye kupika. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha Up-Country Swahili Exercises, kitabu cha kuwafundisha Kiswahili askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Mwanafunzi wa kitabu hicho alikuwa anajifunza namna ya kuamuru. Kiswahili cha jiko la mlowezi kilikuwa hivyo: washa, leta, osha, ngoja. Mpishi aliyeshika mwiko alisikiliza, sababu hakuelezwa. Anajua mchuzi wa bwana unatakiwa kukaa motoni mpaka jioni, na anajua kuni ziko wapi, kwa kuwa yeye ndiye anayezileta.

Kwa hiyo mwaka 1961 kulikuwa na mapokeo mawili ya kuandika chakula cha Ulaya. Moja lilimwandikia mtu asiye na mtumishi lakini mwenye oveni inayowaka kwa kugeuza kitufe. Jingine lilimwandikia mwenye mtumishi, na mtumishi ndiye alikuwa oveni. Katika yote mawili moto haukuandikwa. Kwa Mmarekani ulikuwa ndani ya ukuta. Kwa mlowezi ulikuwa ndani ya mikono ya mtu mwingine.

Filamu Julie & Julia ya mwaka 2009, ambamo Meryl Streep anamwigiza Child na Amy Adams anamwigiza Julie Powell, ina tukio maarufu linalohusu mchuzi huu. Julie anauweka kwenye oveni usiku, anapitiwa na usingizi, na anaamka nyama imeungua. Ukumbi unacheka. Yeye analia kidogo, anaaga kazini kwamba anaumwa, ananunua nyama nyingine na kupika upya. Ni kichekesho kwa sababu hasara yake inalipika kwa siku moja. Jaribu kulihamishia tukio hilo katika nyumba ambayo kilo moja ya nyama inaweza kumeza kibarua cha siku nzima shambani, na nyama imenunuliwa kwa sababu mgeni amekuja. Watazamaji wa nyumba hiyo wangenyamaza.

Watetezi wa mchuzi huu wana jibu tayari. Wanasema boeuf bourguignon asili yake ni chakula cha maskini: mkulima wa Bourgogne, ng'ombe mzee aliyechoka kuvuta jembe, mvinyo wa nyumbani usiouzika, moto uliokuwa ukiwaka siku nzima hata hivyo. Ni hadithi tamu na kila mwandishi wa mapishi anaipenda. Ila maandishi hayaiungi mkono sana. Mchuzi huu kwa jina lake unaanza kuonekana vitabuni katika karne ya 19, na Auguste Escoffier, mpishi wa mahoteli makubwa, alipouandika mwaka 1903 katika Le Guide culinaire, aliuandika kama pande zima la nyama kwa meza za wenye nazo. Huenda mkulima alikuwepo, lakini aliyeshika kalamu hakuwa yeye. Kumtaja leo ni njia ya kukifanya chakula cha gharama kionekane cha unyenyekevu.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo hadithi hiyo imelipata: mchuzi huu unahitaji nyama ngumu. Hapo ndipo jiko la Mpale lilipoanza kubishana na kitabu.

"Mbona unaikaanga mbichi?" shangazi aliuliza, baada ya shikamoo na marahaba, aliponiona nimeweka mafuta kabla ya maji. "Hujaichemsha. Itakuwa ngumu kama kiatu."

Nikamwambia wenyewe ndivyo wanavyoanza.

"Wenyewe ng'ombe wao ametembea wapi?"

Swali lake lina uhakiki mwingi kuliko makala nyingi nilizosoma juu ya chakula hiki. Ng'ombe wa kienyeji anayeletwa kutoka Handeni ametembea maisha yake yote. Amefuata maji, amefuata majani, na siku ya mwisho ameufuata mnada. Anachinjwa alfajiri na kufikia mchana ameshauzwa. Hakuna chumba cha baridi cha kumning'iniza siku kumi alainike. Misuli ya mnyama kama huyo imejaa kolajeni, ule utando mgumu unaofunga nyuzi za nyama. Kolajeni haiogopi moto mkali. Moto mkali huikaza. Inachoshindwa nacho ni muda. Ikikaa saa nyingi kwenye majimaji ya moto yanayotokota polepole, inayeyuka na kuwa jelatini, ule ute unaofanya mchuzi ushike midomo.

Kwa maana hiyo ng'ombe aliyetembea ndiye hasa ng'ombe wa mchuzi huu. Pande laini, lile ambalo bucha anakuuzia kwa bei ya steki akidhani anakuheshimu, likikaa saa tatu motoni linakuwa nyuzi kavu. Nyama ya mchanganyiko, yenye mfupa na kano, ndiyo inayofaa. Makongoro yanafaa zaidi: kipande kimoja cha kwato ndani ya sufuria kinaupa mchuzi uzito ambao unga wa ngano hauwezi kuuigiza. Wafaransa wenyewe huweka mguu wa ndama katika baadhi ya michuzi yao ya muda mrefu kwa sababu hiyohiyo. Anayekunywa supu ya makongoro asubuhi stendi ya Korogwe anaifahamu kanuni hiyo hata kama hajui jina lake.

Ubishi wa shangazi ulihusu mpangilio. Katika nyumba nyingi za Tanzania nyama huchemshwa kwanza, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, mpaka ilainike. Ndipo inakaangwa na kuungwa. Mfaransa anafanya kinyume: anakaanga kwanza, anachemsha baadaye. Vijana tuliosoma hupenda kuamua hapa kwamba upande mmoja ni ufundi na mwingine ni mazoea. Angalia vizuri. Kuchemsha kwanza kunakupa vyakula viwili kutoka moto mmoja: supu sasa, rosti baadaye. Kunakuruhusu kuihifadhi nyama mpaka kesho, maana iliyochemshwa na kuchemshwa tena inalala bila kuharibika mahali ambapo mbichi isingelala. Kunakuruhusu pia kujua mapema kama ng'ombe huyu ni wa saa moja au wa saa tatu, kabla hujatia nyanya zako. Mpangilio wetu unafanya kazi ya friji.

Lakini haki itendeke pande zote. Kukaanga kwanza kuna faida ambayo mpangilio wetu unaipunguza. Nyama kavu ikigusa mafuta ya moto inabadilika rangi na kuzaa mamia ya ladha mpya. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mchakato huo mwaka 1912. Chini ya sufuria unabaki ukoko wa kahawia. Mvinyo ukimwagwa unaung'oa ukoko ule na kuuyeyusha, na kwa saa zote zinazofuata mchuzi unajengwa juu yake. Sisi tunaokwangua sufuria ya wali na kugombania ukoko tunapaswa kuielewa hoja hii kuliko mtu yeyote. Boeuf bourguignon, ukiivua jina lake, ni mchuzi wa ukoko. Shangazi aliuonja, akanyamaza kidogo, akasema, "Umekolea." Hakusema ataacha kuchemsha, na hana sababu ya kuacha.

Baki sasa ule mstari wa oveni. Mpale sikuwa na oveni, na kwa muda nilidhani hapo ndipo maelekezo na jiko vingeachana. Jibu lilikuwa kwenye neno lenyewe. Njia hii ya kupika, kukaanga kisha kufunika na kuacha kwa moto mdogo, Wafaransa wanaiita braiser, na braise kwa Kifaransa ni makaa ya moto. Kabla ya oveni kuingia majumbani, sufuria ya kazi hii ilikuwa na kifuniko chenye kingo zilizoinuka, ili makaa yawekwe juu yake na mengine chini. Moto juu, moto chini. Kila aliyewahi kupalia wali anajua jambo hilo: unapunguza moto, unakusanya makaa, unaweka mengine juu ya kifuniko, unaacha chakula kijimalize.

Kitabu cha mwaka 1961 kilipoandika oveni kilikuwa kinatafsiri. Kilichukua njia ya makaa na kuihamishia kwenye mashine iliyokuwa katika nyumba za wasomaji wake, digrii 160 hivi, mlango umefungwa. Tafsiri nzuri, yenye faida. Ila msomaji wa Tanga anayesoma neno oveni na kujiona amepungukiwa anajipima kwa tafsiri. Mfuniko wenye makaa alionao bibi yake uko karibu na asili kuliko jiko la Boston.

Usiifurahie hoja hiyo mno, maana makaa hayo yanatoka mahali. Saa tatu za mafiga ni kuni za kupikia maharage ya siku kadhaa. Milimani ni zaidi kidogo: maji huchemka kwenye joto pungufu kwa takriban digrii 1 kwa kila mita 300 unazopanda, na kano huchelewa kulainika. Sufuria yangu ya pili ilikaribia saa nne. Kwa saa hizo nne kuna mtu anasogeza kijinga, anapuliza, anaongeza, anapunguza, moshi ukimwingia machoni. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke au binti ambaye hakuulizwa kama anataka kujaribu upishi wa Kifaransa. Na kuni zenyewe zinatoka kwenye miti ya Usambara, milima ambayo misitu yake imebaki vipande vipande.

Serikali inayo hesabu hiyo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Katika nchi inayofanya hesabu hiyo, maelekezo ya saa tatu yasiyotaja moto yamepitwa na wakati, hata yawe na ladha gani. Jiko la presha linafanya kazi ya saa tatu kwa chini ya saa moja, kwa sababu ndani yake joto linapanda kuelekea digrii 120 na kolajeni inasalimu amri mapema. Linakunyima kitu kimoja: mchuzi haupungui kwa sababu mvuke hautoki, kwa hiyo mwishoni unafungua kifuniko na kuuacha utokote mpaka uwe mzito. Ningependa kusoma mwandishi wa mapishi wa Kiswahili anayesema hayo waziwazi.

Kitu cha pili ambacho maelekezo yameacha nje ni wanaokula. Mchuzi huu unaanza na nguruwe na kuendelea na pombe. Kwa mwandishi wa Paris au New York hivyo ni viungo viwili. Katika vijiji vya mkoa wa Tanga, ambako msikiti na kanisa viko kwenye njia moja na mara nyingi kwenye ukoo mmoja, ni maswali mawili kuhusu nani atasogea kwenye sinia na nani atabaki pembeni akisema ameshiba. Chakula ambacho nusu ya nyumba haiwezi kukila kimeshindwa kabla hakijaiva, kwa kipimo cha hapa, na kipimo hicho si kidogo kuliko kipimo cha ladha.

Wapo wanaoutatua ugumu huo kwa sentensi moja: pombe yote huyeyuka jikoni. Si kweli. Vipimo vilivyofanywa Marekani vimeonesha kwamba hata baada ya saa mbili na nusu za kutokota, takriban asilimia 5 ya kilevi inaweza kubaki. Ni kidogo, lakini suala kwa Mwislamu halikuwa asilimia tangu mwanzo. Ni kile alichoaminiwa nacho. Anayempikia mtu chakula na kumficha kilichomo amevunja jambo kubwa kuliko kanuni ya upishi. Mwandishi anayeandika kwa Kiswahili, kwa wasomaji anaojua ni mchanganyiko, hana ruhusa ya kuipitisha sentensi hiyo kirahisi.

Sufuria yangu ya kwanza ilikuwa na mvinyo mwekundu wa Dodoma, mkoa unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka na ulioanza kuzilima kwa juhudi za wamisionari. Tuliokula tulikuwa wachache na tulijuana. Ya pili haikuwa na mvinyo wala bekoni. Nilikaangia mafuta ya ng'ombe mwenyewe, nikaung'oa ukoko kwa maji mazito ya rozela, yale maua mekundu makavu ambayo wengine huyaita choya, na ukwaju kidogo. Sababu yake haikuwa rangi tu. Mvinyo unaupa mchuzi vitu vitatu: uchachu, ukakasi na utamu wa matunda. Rozela ina uchachu na ukakasi. Utamu ulitoka kwenye karoti na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia.

Haikuwa sawa. Mvinyo una upana ambao ua halina, na mtu akikuambia hutajua tofauti anakudanganya. Lakini sufuria ya pili ilikuwa chakula kizuri kinachosimama chenyewe, na sinia lilizungukwa na watu wote waliokuwepo nyumbani. Nisingeiita boeuf bourguignon. Bourgogne ni mahali, na mahali pale wanatia mvinyo kwa sababu ndicho kimiminika kilichowazunguka, kama Tanga mjini wanavyotia tui. Kuuita mchuzi wa rozela kwa jina la Bourgogne ni kujiazimia heshima. Kuuita mchuzi wa nyama wa rozela kunatosha na kunaeleza zaidi.

Kuna kejeli katika orodha ile ya mwanzo inayonifurahisha. Vitu vinavyoonekana vya kigeni zaidi ndivyo vilivyo karibu zaidi. Karoti, liki, viazi mviringo na kabeji vinalimwa Lushoto, vikiwa urithi wa mazao ya nchi za baridi yaliyoletwa na wamisionari na walowezi walipoipenda hali ya hewa ya Usambara. Malori yanayashusha Mombo, yanapita Korogwe, yanaelekea Dar es Salaam. Vile vitunguu vidogo ambavyo kitabu kinataka vimenywe kimoja kimoja na kuivishwa peke yake kwenye siagi, gulioni ni fungu la bei rahisi, vilivyobaki baada ya vikubwa kuchaguliwa. Kilicho kigeni kwa kweli ni kile ambacho hakikuorodheshwa: oveni, friji, Jumamosi tupu, na mtu asiye na kazi nyingine.

Nikigeukia maandishi yetu wenyewe, naona tumerithi orodha na kuacha sababu. Kurasa za mapishi ya Kiswahili, na video fupi zinazotazamwa na vijana wenzangu kila siku, zina vichwa viwili vilevile: mahitaji, na namna ya kutayarisha. Moto ni "wa wastani". Muda ni "mpaka iive". Sina ugomvi na "mpaka iive". Ni maneno ya mtu anayemjua ng'ombe wake, na yana ukweli kuliko saa tatu za kitabu, kwa sababu ng'ombe hawafanani. Lakini yanamfaa anayejua tayari. Binti aliyelelewa hosteli na sasa amepanga chumba Kibaha na jiko la gesi la mtungi mdogo hajui iliyoiva inaonekanaje. Anahitaji kuambiwa: choma kwa uma, uma uzame bila kusukumwa na nyama isiung'ang'anie. Hilo ndilo la kuazima kutoka kwa Child na wenzake. Mvinyo wanaweza kubaki nao.

Na lipo ambalo wao hawakuliandika na sisi tunaweza kuliandika kwanza, kwa kuwa kwetu halijawahi kufichwa ndani ya ukuta. Juu ya mahitaji, kabla ya nyama na kabla ya vitunguu, iwepo mistari minne. Kwa mchuzi wa nyama wa rozela, Mpale, ningeiandika hivi:

Moto: mzigo mmoja wa kuni kavu, au gesi na jiko la presha kwa dakika 50.

Muda: saa nne kwa mafiga, moja na nusu kwa presha ukihesabu kukaanga na kupunguza mchuzi.

Mwenye kuangalia moto: aliyeamua kupika.

Wanaokula: wote waliopo.